Jina Ambalo Syokau Hakulipiga Taipu

Kivuva wa Ndululu alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani, nao ulikuwa gazeti. Malaria ilimpata ikamwacha, vita vya Burma vilimpata vikamwacha, lakini gazeti lilimkaa mwilini kama funza.

Watu wa Kitui walimwita Mwalimu, ingawa chaki aliiweka chini mwaka wa sitini na tatu, mwezi uleule bendera ilipopandishwa. Alikuwa amefundisha miaka kumi na minne, na kabla ya hapo alikuwa karani wa jeshi, ambako alijifunza kupiga taipu kwa vidole viwili na kutukana kwa lugha tatu. Uhuru ulipofika, wenzake walikimbilia vyeo, mashamba na leseni za mabasi. Yeye akanunua mashine kuukuu ya kurudufu, ile ya kuzungushwa kwa mkono, akakodi chumba nyuma ya duka la nguo la Hemedi, akaanzisha gazeti. Akaliita Uvoo, neno la Kikamba la habari. Kurasa nane, nusu Kikamba, nusu Kiswahili, kila Ijumaa. Halikuwa la chama, halikuwa la kanisa, halikuwa la serikali. Lilikuwa la Kivuva, na pengine hapo ndipo penye kosa.

Kama alidhani watu watamshukuru, basi watu hakuwajua. Nakala moja ilisomwa na soko zima, kisha yule wa mwisho kuisoma, aliyeipata Jumatano imekwisha fungiwa samaki, alikuja kulalamika kwamba habari zimechacha. Wachungaji walitaka mahubiri yao yachapishwe yote, tangu salamu hadi amina. Diwani alitaka picha yake, na alipoelezwa kwamba mashine ile haiwezi kutoa picha, alinuna mwaka mzima. Ukiandika daraja limebomoka, mhandisi anakuwa adui yako. Ukiandika daraja limejengwa, watu wanauliza umehongwa ngapi. Kila mtu alitaka gazeti lisiloogopa, mradi lisimwogope jirani yake.

"Nitawaachia hii takataka yenu niende kuchunga mbuzi," Mwalimu alisema kila Ijumaa jioni. Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza kufungua mlango.

Aliyemvumilia ni mtu mmoja tu, Syokau, mpiga taipu wake. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Kiboko, aliyeolewa na fundi cherehani mmoja pale mjini aitwaye Mwangangi. Alikuwa na watoto wawili, alikuwa ameokoka, alikuwa anaimba kwaya, na vidole vyake kumi vyote vilifanya kazi. Mwalimu hakuamini bahati yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu aliandika habari kwa mkono. Syokau aliipiga taipu kwenye stensili, karatasi ile yenye nta, ambayo herufi huitoboa badala ya kuipaka wino. Vichwa vya habari hakuvipiga, kwa sababu mashine yake ilikuwa na herufi ndogo tu. Aliacha pengo, kisha Mwalimu akaviandika mwenyewe kwa kalamu ya chuma, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Basi kila Alhamisi Syokau alimkabidhi stensili na kumwambia, "Mwalimu, nimekuachia nafasi." Naye alijibu, "Sawa, sawa," bila kuinua macho. Halafu Syokau aliinua stensili dirishani penye mwanga na kusoma kwa sauti, Mwalimu akifuatisha kwenye makaratasi yake kuona kama kuna neno limeruka. Walifanya hivyo kwa karibu miaka miwili, na hakuna neno lililoruka.

Mwaka wa sitini na tano mvua zikakataa. Kufikia mwezi wa nane watu wa kaskazini, huko ng'ambo ya Tseikuru, walikuwa wanachimba mizizi. Serikali ikaleta mahindi ya msaada, yale ya manjano, na kila kijiji kikachagua kamati na mwenyekiti wa kuyagawa. Mwalimu akasikia mnong'ono kwamba katika kijiji kimoja mahindi yanaingia mchana yanatoka jioni. Akapanda basi, akashuka njia ilipoishia, akatembea siku nzima. Kijiji hicho sikitaji jina, wajukuu wa wahusika bado wako hai.

Aliyoyaona yalimkata maini. Akina mama walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri, kila mmoja na kikapu chake, na kila mmoja akapimiwa kibaba kimoja cha kulisha watu saba. Nyuma ya ghala lori lilikuwa linapakiwa magunia yaleyale, kwenda Kibwezi kuuziwa wachuuzi wa barabara ya Mombasa. Mwenyekiti wa kamati, mzee mnene mcheshi aitwaye Nzioka, alisimama pale na kofia yake ya nywele za nyani akihesabu magunia kwa fimbo. Hata hakujificha.

"Karibu, Mwalimu," alimwambia. "Umekuja kutuandika? Andika. Huku hakuna mtu anajua kusoma."

Mwalimu alirudi Kitui miguu imevimba na hasira imemjaa hadi kooni. Aliandika habari yake siku mbili. Ilikuwa habari bora kuliko zote alizowahi kuandika, na alijua. Jina la Nzioka alilitaja mara tisa. Kijiji hakukitaja hata mara moja, hakuona haja. Lori la Nzioka lilikuwa na jina la Nzioka limeandikwa ubavuni, nani asiyemjua? Alikuwa amesikia pia kwamba D.O. mpya, afisa wa serikali pale wilayani, Bwana Othman, kijana wa Lamu aliyekuja na bidii zake zote, anatafuta mtu wa kumfanya mfano. Mwalimu akasema moyoni, huyu hapa, nampa na jina lake. Mahindi yatarudi ghalani kabla watoto hawajaanza kufa.

Alhamisi hiyo karatasi za kuchapia zilikuwa zimechelewa. Mwalimu alikuwa mlangoni akigombana na mchukuzi Syokau alipomletea stensili.

"Mwalimu, nimekuachia nafasi."

"Sawa, sawa."

"Mwalimu, hii ya leo heri usome mwenyewe."

"Syokau, huoni niko na vita hapa? Kama umepiga, umepiga. Weka hapo."

Syokau alisimama kidogo, akaweka, akajifunga leso yake, akaenda zake. Mwalimu aliandika kichwa cha habari, MWIZI WA MAHINDI, kwa herufi kubwa nzuri, akaifunga stensili kwenye mashine, akaanza kuzungusha. Haraka haraka haina baraka, na hilo aliwaandikisha watoto ubaoni miaka kumi na minne. Nakala mia tatu ziliondoka na basi la asubuhi kwenda Mwingi na kaskazini.

Ijumaa saa nne alikaa na chai yake kuisoma kazi yake kwa raha. Akasoma: "Mzee       , mwenyekiti wa kamati ya mahindi, alionekana akipakia magunia." Akasoma mbele: "Mzee       hana haya wala huruma." Mara tisa. Mara tisa pengo jeupe, safi, limepimwa sawasawa na urefu wa jina. Chai ilimwagika juu ya Uvoo na Uvoo likamwagikia suruali.

"Umeniua!" alimpigia Syokau kelele alipoingia. "Jina liko wapi?"

"Nilikuambia nimekuachia nafasi."

"Nafasi ya kichwa cha habari!"

"Ya kichwa, na ya hiyo jina. Si uko na kalamu ya chuma? Nilijua utajaza."

"Kwa nini hukulipiga mwenyewe?"

Syokau alitazama sakafu. "Hiyo jina mimi siwezi."

"Huwezi nini? Ni herufi sita!"

"Huyo ni baba ya Mwangangi."

Mwalimu alikaa. Sasa alielewa, maana yeye naye alikuwa Mkamba. Mke hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Hamtazami usoni, hali naye, hapiti mbele yake, na jina lake halipiti mdomoni mwake hata ndotoni. Hiyo ndiyo nthoni, heshima na haya kwa pamoja, na haina nakala ya kurudufu. Miaka miwili Syokau alikuwa amefanya kazi katika chumba kile, na Mwalimu hakuwahi kusikia jina la baba mkwe wake, kwa sababu nani angemtajia?

"Lakini wewe umeokoka," alisema kwa unyonge.

"Kuokoka ni kuokoka, Mwalimu. Nthoni ni nthoni."

"Na kuandika si kutaja!"

"Kwako si kutaja. Mimi nikipiga taipu, mdomo inasema pamoja na vidole. Umenisikia siku zote."

Ni kweli, alikuwa amemsikia siku zote, akinong'ona kila neno analolipiga. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na Mwalimu hakuwa na wa kumlaumu. Alimlaumu mchukuzi wa karatasi.

Basi kukatokea jambo ambalo hakulitarajia. Kamati za mahindi kaskazini zilikuwa kumi na moja, kila moja na mwenyekiti wake. Jumatatu wenyeviti watatu walikuwa mlangoni pake. Jumanne walikuja watano. Jumatano walikuja wawili, mmoja amepanda punda. Kila mmoja alikuja amechukia, gazeti mkononi, na kila mmoja alisema maneno yaleyale.

"Mwalimu, kwa nini umeniandika?"

"Nimekuandika wapi? Nionyeshe jina lako."

"Usinifanye mtoto. Hii nafasi ni yangu. Hata ukipima, jina yangu inaingia."

Mwalimu hakujua acheke au alie. Wezi kumi walikuwa wamejitambua katika pengo moja. Yule wa kumi na moja tu, Nzioka mwenyewe, ndiye hakuja. Alisomewa gazeti lote, akauliza kama jina lake limo, akaambiwa halimo, akaendelea kupakia.

Wale kumi wakaenda kwa D.O. kushitaki kwamba wamechafuliwa. Bwana Othman akawaita wote barazani Alhamisi ya wiki iliyofuata, wenyeviti kumi na mmoja, wazee wa ukoo, Mwalimu na mpiga taipu wake. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nzioka alikaa mbele kabisa na kofia yake juu ya goti. Syokau alisimama nyuma karibu na mlango, ameipa kisogo sehemu ile aliyokaa mzee, leso imefunika nusu ya uso wake. Mumewe Mwangangi alikuwa upande wa pili, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Bwana Kivuva," D.O. alianza, "gazeti lako lasema kuna mwizi. Mimi huyo mwizi namtaka. Ni nani?"

"Ni Nzioka," Mwalimu akasema, akamwonyesha kwa kidole.

Wenyeviti kumi wakashusha pumzi kwa pamoja. Nzioka akatabasamu. "Bwana D.O., uliza yeye kama hiyo jina iko kwa gazeti. Ameona hawa watu wamekasirika, sasa anatafuta mzee wa kutupia."

Mwalimu akatoa makaratasi yake ya mkono. D.O. aliyatazama mbele na nyuma. "Haya ni mwandiko wako mwenyewe. Ungeweza kuyaandika jana. Yuko mtu aliyeyaona kabla gazeti halijatoka?"

"Mpiga taipu wangu."

"Bibi, njoo mbele. Hapa palipoachwa wazi, Bwana Kivuva alikuwa ameandika jina gani?"

Syokau hakusogea. Mzee mmoja wa ukoo akainuka upesi. "Bwana D.O., huyu mama hawezi kusema hiyo. Uliza kitu ingine."

"Hawezi kwa nini? Ni bubu? Akisema, leo hii napeleka askari ghalani. Asiposema, sina ushahidi, na gazeti hili ni la uzushi."

Mwalimu aliwaona moyoni wale mama wa foleni na vikapu vyao. Aliiona mashine yake imefungwa mnyororo. Alijua vizuri anachomwomba mwanamke yule, hakuna aliyejua kuliko yeye, na akamwomba.

"Sema, Syokau. Ni neno moja tu."

Syokau alimtazama Mwalimu. Kisha akasema, wala si kwa kunong'ona, "Nzioka."

Lo! Ungedhani paa limeanguka. Wanawake walipiga ukemi, wazee walisimama, mmoja akatema mate chini mara mbili. Nzioka aliinuka polepole, akajifunika uso kwa ile kofia, akatoka nje kama mtu aliyefiwa. Akina mama wakampisha wakimwonea huruma. Mwangangi alivua futi shingoni, akaikunjakunja, akatoka bila kumwangalia mkewe. D.O. aligonga meza, akauliza ni kitu gani, akapiga kelele kwamba sasa ushahidi upo, tuzungumzie magunia. Hakuna aliyetaka magunia. Wenyeviti kumi ndio walioongoza makelele. Mambo ya mahindi yatangoja, walisema, kwanza hili jambo la aibu litengenezwe.

"Lakini huyu mzee ni mwizi!" Mwalimu alilia. "Jamani, watu wanakufa na njaa!"

"Na wewe umemfanya bibi ya mtu ataje baba ya bwana yake mbele ya watu," mzee wa ukoo akamjibu. "Mwizi tumeona wengi. Hii hatujaona."

Wazee walikaa siku mbili. Wakaamua kwamba Nzioka amekosewa. Mwalimu, kwa kuwa ndiye aliyelitia jina lile mdomoni mwa mwanamke, atoe mbuzi wa kumwondolea mzee aibu, na habari ya upatanisho iandikwe katika Uvoo watu wote wajue. Bwana Othman, kijana wa watu, alikuwa amechoka. Simu zilikuwa zimepigwa kutoka juu. Alimwita Mwalimu, akamwambia kwa upole kwamba wilaya inataka amani. Mwalimu akichapisha upatanisho, kibali cha gazeti kitabaki. Asipochapisha, yeye hana uwezo tena wa kumsaidia. Askari hawakupelekwa ghalani.

Mwalimu alizunguka chumba chake siku nzima. Alijiambia gazeti likifa, hakuna atakayeandika mahindi wala daraja wala kitu chochote. Alijiambia mwenye busara huinama upepo upite. Alijiambia mengi, na yote yalikuwa yana akili, na hakuna hata moja lililomtuliza. Mbuzi alipelekwa.

Syokau hakuwa kazini. Mwangangi alikuwa amemrudisha kwao Kiboko na sanduku moja, watoto wakabaki na bibi yao, mke wa Nzioka, aliyekuja mjini kuwalea. Kwa hiyo Mwalimu aliketi kwenye taipu mwenyewe na vidole vyake viwili. "Mzee Nzioka, kiongozi anayeheshimiwa, amesamehe." Alipiga jina lile mara kumi na mbili, na hakuacha pengo hata moja. Ijumaa nakala zote ziliisha kabla ya saa sita, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu uhuru. Nzioka peke yake alinunua ishirini.

Wiki ya pili Syokau alikuja na basi kuwaona watoto. Hakuruhusiwa kuingia uani kwa Mwangangi, aliwaona wakiwa wamesimama langoni. Akapitia chumbani nyuma ya duka la Hemedi kuchukua kikombe chake na kitabu chake cha nyimbo. Mwalimu aliruka kumpa kiti. Alimwambia taipu inamngoja, kwamba atamtafutia chumba, kwamba ataongea na Mwangangi, kwamba watu husahau. Syokau hakukaa. Nakala ya upatanisho ilikuwa mezani. Aliisoma yote, pale wima, na safari hii midomo yake haikucheza.

"Umeandika vizuri," alisema.

"Syokau, ilibidi. Wangefunga gazeti."

"Mimi sijakataa." Alikunja karatasi ile, akairudisha mezani. "Lakini nauliza tu, Mwalimu. Kama hiyo jina ilikuwa ya kusifiwa, si ungeniacha nikae kwangu?"

Syokau aliweka kikombe ndani ya kikapu, akamwambia abaki salama, akaenda kituoni.

Ijumaa iliyofuata Uvoo halikutoka, wala ile iliyofuata hiyo. Wenyeviti wawili walikuja kuuliza, nao wanataka waandikwe kwamba wamesamehe. Mchungaji alikuja na mahubiri yake. Diwani naye alikuja, amesikia kuna mashine mpya zinazotoa picha. Mwalimu aliwajibu wote akiwa mlangoni, bila kuwakaribisha. Aliwaambia mashine imeharibika, na fundi hapatikani. Mashine ilikuwa nzima.